Mstari Mweusi wa Katikati

Kuanzia Julai hadi Oktoba, kila baada ya siku tatu au nne, wimbi la hewa huondoka pwani ya Afrika Magharibi na kuingia Atlantiki. Ni mpindo tu katika upepo utokao mashariki, umebeba mvua na radi. Wataalamu wakilirudisha nyuma wimbi la namna hiyo kutafuta lilikoanzia, mara nyingi hufika Sudan, kwenye milima ya Darfur, na pengine hata nyanda za juu za Ethiopia. Kwa mwaka hutoka kama 60. Mengi huvuka bahari nzima yasifanye lolote la kukumbukwa. Machache hukuta maji ya joto, hewa yenye unyevu na pepo za juu zilizotulia, yakaanza kujizungusha. Katika vimbunga vikubwa vya Atlantiki, vya daraja la 3 kwenda juu kati ya madaraja matano, asilimia 85 hivi vina asili katika mawimbi haya. Kwa hiyo Mwafrika anayeishi Florida akitazama ramani ya satelaiti mwezi wa Agosti, anaanza kwa kutazama kwao.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Tampa, na nafanya kazi za usiku hospitalini. Kila tarehe 1 Juni, msimu ukifunguliwa, naingia katika kazi ya pili isiyo na mshahara, nayo ni kufuatilia vimbunga. Mtaani tuko wachache. Yuko mzee Mmarekani, fundi simu mstaafu, mwenye leseni ya redio ya ridhaa na mlingoti wa antena nyuma ya nyumba. Yuko mzee Mcuba, ambaye barometa yake ya shaba, ya kupimia mgandamizo wa hewa, imetundikwa sebuleni na hasomi kabla ya kuigonga kioo kwa kidole, polepole, mara mbili. Mimi nina kipima mvua. Hakuna kati yetu aliyesomea hali ya hewa. Tunachokijua tumekipata kwa kusoma, kuuliza na kukaa macho.

Msimu ukichemka, siku zetu hupangwa na ratiba ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga, kilicho Miami. Taarifa zake kamili hutoka mara nne: saa tano asubuhi na saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni. Humo mna mahali kimbunga kilipo kwa latitudo na longitudo, mgandamizo wa hewa katikati yake kwa milibari, kasi ya upepo, na upande kinakoelekea. Kisha kuna maelezo marefu ya mtabiri wa zamu, ambaye huweka jina lake chini. Hayo maelezo ndiyo ninayoyapenda kuliko picha zote. Mtabiri anaandika wazi ni nini kinachomtia shaka, modeli ipi ya kompyuta imehama tangu asubuhi, na kwa nini hakuifuata yote. Mzee wa redio huchukua zile namba mbili za mahali na kuzitia kwenye ramani ya karatasi kwa penseli. Zamani Florida ramani hizo zilitolewa bure na vituo vya televisheni na vituo vya mafuta, na maduka yalizichapa hata kwenye mifuko ya karatasi ya kubebea vyakula. Anazo nyingi, zimekunjwa ndani ya kabati, kila moja na njia ya kimbunga chake.

Karibu kila mtu huku anaijua picha ya koni. Kimbunga kiko chini, na mbele yake eneo jeupe linaanza jembamba na kupanuka kadiri siku zinavyosonga. Wengi hudhani upana ule ni ukubwa wa kimbunga, au kwamba aliye nje ya koni yuko salama. Sivyo. Koni huchorwa kwa kutazama makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita: kwa kila muda, saa 24, 48, 72 na kuendelea, huchorwa duara ambalo theluthi mbili ya makosa hayo yangeangukia ndani yake. Maana yake, katika kila mara tatu za kutabiri, mara moja katikati ya kimbunga inaweza kuwa nje ya koni, na hilo bado ni jambo la kawaida kabisa. Mwaka 2022 duara la siku ya tano lilikuwa na nusu kipenyo cha maili za bahari zipatazo 200, yaani kilomita kama 370. Na hiyo ni katikati tu. Upepo, mvua na bahari vinaweza kufika mbali kupita hapo.

Ndani ya koni wengine huchora mstari mweusi katikati. Hapo ndipo macho ya watu hunata.

Kimbunga hakijiendeshi. Hubebwa na pepo zinazokizunguka, kama ngalawa isiyo na usukani iliyoachiwa mkondo. Anayetaka kujua kitakwenda wapi asikikodolee macho chenyewe. Atazame eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililotanda juu ya Atlantiki, ambalo hukisukuma magharibi, na atazame mabonde ya mgandamizo mdogo yanayoshuka kutoka Kanada na kukata katikati ya Marekani, ambayo hukivuta kaskazini na kukikunja mashariki. Utabiri umepiga hatua kubwa sana katika hili. Kosa la wastani la siku tatu leo ni kama kosa la siku moja mwaka 1990. Ni kazi ya satelaiti, kompyuta zenye nguvu, na ndege zinazoingia ndani ya kimbunga na kudondosha vipimo vyenye miavuli midogo ambavyo hutuma namba njia nzima hadi vinapogonga maji. Ndege mbili kati ya hizo wenyewe wamezipa majina ya utani, Kermit na Miss Piggy, na kituo chao kiko Lakeland, mwendo mfupi tu kutoka Tampa.

Pamoja na hayo yote, Septemba 2022 kilikuja Ian.

Wimbi lake liliondoka Afrika katikati ya mwezi, likavuka bahari bila kujikusanya. Tarehe 23, likiwa Karibi, likapewa namba tisa, yaani mfumo wa tisa wa msimu, na saa tano usiku ule likapewa jina. Mfumo mchanga una tabu moja: katikati yake haijatulia. Pepo za juu zilikuwa zikiyasukuma mawingu upande mmoja huku mzunguko wa chini ukiwa upande mwingine. Kompyuta ikianzia hesabu yake mahali palipokosewa kwa kilomita chache kusini mwa Jamaika, siku tano baadaye kosa hilo linaweza kuwa tofauti ya mji na mji.

Modeli ziligawanyika. Ile ya Marekani, GFS, ilikipeleka magharibi zaidi, kuelekea ukanda wa kaskazini wa Florida. Ya kituo cha Ulaya, ECMWF, ilikivuta mashariki, karibu na ghuba yetu ya Tampa. Ya Uingereza iliweka njia kusini zaidi. Ugomvi wote ulikuwa juu ya bonde moja la mgandamizo mdogo lililokuwa likishuka juu ya mashariki ya Marekani: litashuka hadi wapi, na litakikamata Ian saa ngapi? Likikiwahi, kingekunja mapema kwenda mashariki. Likichelewa, kingeendelea kaskazini.

Hizo ndizo siku za ramani za tambi, kila modeli na mstari wake wa rangi. Mfuatiliaji wa ridhaa anayeanza huchagua mstari mmoja na kuung'ang'ania. Huo ni ulevi wenye hatari. Mtu akishaipenda modeli, ushahidi unaoipinga huusoma harakaharaka. Kilicho bora ni kutazama kundi lote: kituo cha Ulaya huendesha modeli yake mara 51 kwa kubadilisha kidogo hali ya mwanzo, na kutawanyika kwa mistari ile 51 kunaeleza mengi kuliko mstari wowote mmoja. Zikikaa pamoja, kuna uhakika. Zikifunguka kama zilivyofunguka kwa Ian, kutoka kusini mwa Florida hadi kaskazini, basi pwani yote ya magharibi inapaswa kujiandaa. Na ile picha ya siku ya kumi inayoonyesha zimwi ndani ya Ghuba ya Meksiko, imetoka kwenye hesabu moja ya saa sita mchana na itafutika jioni, naomba watu waache kuisambaza. Inawachosha watu hofu yao kabla ya siku ya kuihitaji.

Tampa ilikuwa na sababu ya kuogopa. Kimbunga kikubwa cha mwisho kuipiga moja kwa moja kilikuwa cha tarehe 25 Oktoba 1921. Ghuba yetu haina kina kirefu, na maji yakisukumwa ndani kutoka kusini-magharibi hayana pa kwenda isipokuwa mitaani. Jumatatu tarehe 26 kaunti za Hillsborough na Pinellas zikatoa amri ya kuhama maeneo ya chini. Mstari mweusi ulipita karibu na mdomo wa ghuba.

Simu zikaanza. Jamaa wa Tanga wakauliza, "Kinakuja kwenu?" Na akina mama wa Kongo wakapiga pia. Katika miji hii kuna familia nyingi kutoka Kivu zilizoletwa kwa mpango wa wakimbizi, na wengi wao taarifa za Kiingereza na Kihispania haziwafikii vizuri. Kwa hiyo msimu wa vimbunga huwarekodia sauti kwa Kiswahili na kuwatumia. Swali ni lilelile kila mara: "Kaka, ile kimbunga itapiga wapi?" Nami siku zile sikulijibu. Nilimwambia kila mmoja, "Mama, niambie herufi ya mtaa wako." Kaunti yetu imegawanywa kwa herufi, A hadi E, kufuatana na namna bahari inavyoweza kupanda. A huondoka kwanza. Herufi hizo zinahusu maji ya bahari, hazihusu upepo, na watu wa Florida wana msemo kwamba ukimbie maji, ujifiche upepo. Mwenye A aende kwa ndugu aliye mbali na pwani hata kama mstari uko Georgia. Anayeishi kwenye nyumba ya kuhamishika, zile za bati nyepesi, aondoke hata kama hana herufi.

Kuna jambo la jiografia ambalo natamani kila mtu wa pwani hii alielewe. Pwani ya magharibi ya Florida imelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Kimbunga kinachotoka Cuba kwenda kaskazini hakiijii pwani hiyo uso kwa uso, kinaikwaruza ubavuni. Kikija uso kwa uso, kosa la nyuzi chache katika mwelekeo husogeza mahali pa kutua kilomita chache. Kikiwa kinakwenda sambamba na pwani, kosa lilelile la nyuzi chache husogeza kutua kwake kilomita 100 au 150. Utabiri unaweza kuwa mzuri sana baharini, njia ikapishana na ile halisi kwa kiasi kidogo tu, na bado mji uliopigwa ukawa mwingine.

Hili lilikwishatokea. Tarehe 13 Agosti 2004 kimbunga Charley kilikuwa kikielekezwa Tampa, mstari ukiwa juu yetu. Saa chache kabla, kikakunja kulia na kutua kwenye kisiwa cha Cayo Costa, kikauvunja mji wa Punta Gorda kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa. Punta Gorda ilikuwa ndani ya koni muda wote na ilikuwa chini ya onyo. Lakini watu waliutazama mstari. Tangu siku ile watabiri hawachoki kuandika kwamba mtu asishikilie mahali hasa mstari ulipo.

Jumanne tarehe 27 kabla ya mapambazuko Ian kikaingia Cuba katika mkoa wa Pinar del Río, daraja la 3, na kufikia usiku umeme wa nchi nzima ulikuwa umezimika. Mzee Mcuba, mzaliwa wa mkoa huo, aliketi na simu mkononi isiyoita. Hakuigusa barometa siku hiyo. Mzee wa redio alikuwa kwenye masafa ya megahezi 14.325, ambayo usiku huhamia 7.268. Huo ni mtandao wa wenye redio za ridhaa uitwao Hurricane Watch Net, ulioanzishwa mwaka 1965 wakati wa kimbunga Betsy. Kimbunga kikikaribia nchi kavu, wao hukaa wakisikiliza na kuuliza: uko wapi, upepo unavuma kutoka upande gani, barometa yako inasoma ngapi? Majibu huenda kwenye kituo cha redio kilicho ndani ya ofisi za watabiri, Miami, nacho pia huendeshwa na watu wa kujitolea.

Mchana ule kila taarifa ilisogeza mstari kusini. Tampa. Sarasota. Venice. Kisha Charlotte Harbor. Nuktanukta za penseli zilikuwa zikihama kwenye karatasi yetu, na mtaani niliona watu wakiteremsha mizigo waliyokuwa wameipakia garini. Kusini yetu hali ilikuwa kinyume. Kaunti ya Lee, yenye Fort Myers Beach na Sanibel, ilitoa amri ya kwanza ya kuhama Jumanne ile asubuhi, siku moja baada yetu. Kwa siku kadhaa watu wa huko walikuwa kwenye ukingo wa koni, wakiuona mstari mweusi ukiwa mbali nao upande wa kaskazini.

Jumatano tarehe 28, saa tisa na dakika tano alasiri, Ian kikatua Cayo Costa. Kisiwa kilekile cha Charley, upepo uleule wa kilomita 240 kwa saa. Lakini Charley kilikuwa kidogo na chenye haraka, na Ian kilikuwa kipana na kilikwenda polepole, kikisukuma bahari mbele yake. Fort Myers Beach maji yalipanda mita 3 hadi 4.5 juu ya ardhi. Aliyekaa kwa sababu nyumba yake ilimudu Charley alikuwa amepima upepo, na kilichokuja kilikuwa maji. Marekani walikufa watu zaidi ya 150, na zaidi ya 40 kati yao walichukuliwa moja kwa moja na bahari. Hasara ilipita dola bilioni 110.

Asubuhi ya siku hiyo nilitoka zamu na kupita Bayshore Boulevard kabla upepo haujawa mkali. Bahari ilikuwa imeondoka. Chini ya ukuta mrefu wa nguzo, pale ambapo maji hugonga kila siku, palikuwa na matope ya kijivu, majani ya bahari yamelala upande mmoja yote, makombe ya chaza, na mwani uliokwisha kuanza kunuka. Kulastara mmoja alikuwa akitembea mbali sana, mahali pa kupita mashua. Watu waliteremka na mbwa wao. Mtoto wa Tanga hashangai bahari kutoka, nimekulia kwenye bamvua na maji mafu, lakini hapa maji hupanda na kushuka kidogo tu na mwezi haukuhusika. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kwa kufuata mshale wa saa, kaskazini kinyume chake. Katikati ya Ian ikiwa kusini yetu, upepo wetu ulitoka kaskazini-mashariki na mashariki, ukayafagia maji ya ghuba kuyatoa nje. Kama katikati ingepita kaskazini yetu kwa umbali huohuo, upepo ungegeuka na maji yaleyale yangeingia mjini. Maofisa waliwasihi watu watoke kule chini, kwa sababu maji yanayotoka kwa upepo hurudi upepo ukigeuka.

Wapo wanaouliza mtu asiye na digrii wala kompyuta kubwa ana kazi gani katika mambo haya. Nalichukulia swali hilo kwa uzito. Kazi ya kubashiri mahali pa kutua hatuiwezi kuliko Miami, na sioni fahari ya kushindana nao. Ila kutazama na kuandika kilichoonekana, hiyo ni kazi ambayo watu wa ridhaa waliifanya kabla ya ofisi yoyote ya serikali kuwapo.

Tarehe 3 Septemba 1821 kimbunga kilipita New England. Fundi mmoja wa matandiko ya farasi huko Connecticut, William Redfield, alisafiri kwa miguu baadaye na kuiangalia miti iliyoanguka. Kwao miti ilikuwa imelala kuelekea kaskazini-magharibi. Alipofika magharibi mwa Massachusetts aliikuta imelala kuelekea kusini-mashariki. Dhoruba moja, pepo mbili zinazopingana. Miti mingapi ilikuwa imeanguka mbele ya macho ya wasomi bila wao kuuliza imeangukia wapi! Redfield akahitimisha kwamba dhoruba ile ilikuwa upepo unaozunguka kama kitu kimoja kikubwa huku ukisonga mbele, akachapisha hoja yake mwaka 1831. Mwaka 1848 akawa rais wa kwanza wa chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani.

Havana nako, Padri Benito Viñes, Mjesuiti, alifika mwaka 1870 kuongoza kituo cha uangalizi cha shule ya Belén. Aliyatazama mawingu membamba ya juu, yale ya nyuzinyuzi, ambayo hutawanyika kutoka kwenye kimbunga kilicho mbali bado. Aligundua kwamba mahali yanapoonekana kukutana kwenye upeo panaelekeza kilipo kimbunga, na ukipima tena baada ya saa kadhaa utajua kinakosogea. Aliwauliza manahodha, akapokea simu za maandishi kutoka visiwa vingine, na tarehe 11 Septemba 1875 akatoa magazetini onyo linalohesabiwa kuwa la kwanza la kimbunga kinachokuja. Manahodha wetu wa mwambao, waliosoma mwisho wa kaskazi kwenye mawingu, wangemwelewa bila mkalimani.

Wakati huo kazi hii ilikuwa mikononi mwa watu waliosikilizana. Mwaka 1900 ikavunjika. Cuba ilikuwa chini ya jeshi la Marekani, na ofisi ya hali ya hewa ya Washington ilikuwa imezuia simu za utabiri kutoka kwa Wacuba. Septemba mwanzoni kimbunga kikapita Cuba. Washington ikasema kitakunja kwenda Florida na kupanda pwani ya Atlantiki. Watu wa Belén, warithi wa Viñes, waliona kinakwenda Texas. Tarehe 8 Septemba kikaufunika mji wa Galveston kwa bahari. Waliokufa hawapungui 6,000, na hesabu inayotajwa zaidi ni 8,000. Hakuna janga la asili lililoua watu wengi kama hao katika historia ya Marekani. Mzee Mcuba huisimulia habari hii akiwa amesimama, kila mara.

Urithi huo wa kutazama upo leo kwa namna ya kawaida sana. Kipima mvua changu ni cha plastiki, mdomo wake kipenyo cha inchi 4. Faneli hupeleka maji kwenye bomba la ndani ambalo eneo lake ni sehemu moja ya kumi ya mdomo, kwa hiyo inchi moja ya mvua husimama inchi kumi na unaweza kusoma hadi sehemu ya mia ya inchi. Unainama macho yawe sawa na maji, na unasoma chini ya kile kijipindo cha uso wa maji, si juu yake. Saa moja asubuhi namba hutumwa CoCoRaHS, mtandao wa kujitolea uliozaliwa Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya mwaka uliotangulia, wakati ilipoonekana kwamba mvua ya mtaa mmoja na mwingine ilitofautiana mno na vipimo rasmi havikuiona. Rada hukisia mvua kutoka angani. Sisi tunaishika ikiwa chini, na wataalamu wa mito huitumia namba hiyo siku hiyohiyo.

Miaka miwili baada ya Ian tulipata majaribu mawili mfululizo. Tarehe 26 Septemba 2024 Helene kilipita mbali baharini, zaidi ya kilomita 150 magharibi yetu, kikaenda kutua kaskazini ya jimbo. Mstari haukutugusa kabisa. Bahari ikapanda katika Ghuba ya Tampa kuliko kipimo chochote kilichowahi kurekodiwa na vituo vya hapa, na Pinellas watu wakafia majumbani mwao. Wiki mbili hazijatimia, kikaja Milton, mstari ukiwa tena juu ya Tampa. Tarehe 9 Oktoba kikatua Siesta Key, kusini yetu, na ghuba ikatoka maji kama siku ya Ian. Ila upande wa kaskazini wa Milton ulikuwa umejaa mvua. St. Petersburg ilipata zaidi ya inchi 18. Kipima kama changu, na silinda lake la nje, hubeba 11. Tulikuwa tumekubaliana kusoma na kumwaga mapema, saa kumi na moja jioni, kisha kuingia ndani na kufunga milango. Asubuhi kila mmoja akajumlisha namba zake mbili na kuzituma, maana kipima kilichofurika hakimwambii mtu kitu.

Hesabu hizo zilikuwa na kazi bado. Jua liliwaka kesho yake, anga ya samawati tupu, na watu wakaanza kukata matawi yaliyoanguka. Mto Alafia na mto Hillsborough vikaendelea kupanda kwa siku kadhaa, maji yakaingia mitaa ya kaskazini mwa Tampa isiyo na herufi yoyote, ambako nilikuwa nimewaambia watu kwamba bahari haitafika. Bahari haikufika. Nilirekodi sauti nyingine mchana ule, yote juu ya mito: namba ya kipimo cha mto ilipo sasa, namba ambayo mafuriko huanzia, na siku ambayo kilele kinatarajiwa. Mama mmoja wa Bukavu alinipigia akiwa amesimama kwenye maegesho ya nyumba zao, maji yako mwisho wa barabara. Hakuuliza kimbunga kiko wapi. Aliuliza kilele ni lini. Nikamsomea tarehe. Akasema, "Sawa, kaka, gari naitoa sasa hivi, na ya jirani pia, funguo ninazo."